Umande Ukutani

Sekela alipofika Malambili alimkuta baba yake juu ya ngazi, anang'oa mabati ya jikoni kwa nyundo, na anapiga mluzi.

Alisimama uani, mkoba begani, asijue aanze na swali gani. Mzee Anyosisye hakuwa mtu wa mluzi. Mabati yale aliyapigilia kwa mkono wake mwenyewe mwaka aliofiwa na mkewe. Na tangu Jiji la Usangano litangaze kwamba linakitaka kilima cha Malambili kwa ajili ya mtambo wa umeme wa mvuke wa ardhini, kila aliyepita pale barazani aliambiwa jambo moja: Anyosisye atatoka hapa akiwa amebebwa, na watakaombeba watajuta uzito wake.

"Tata," Sekela aliita. "Unafanya nini huko juu?"

"Ndaga, karibu mwanangu, umefika!" Mzee alishuka taratibu akijifuta kutu mikononi. "Tunahama. Nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Ukurasa wa Jiji ulikuja ukutani jana. Nikausoma. Nikaona, mbona ni jambo la kawaida tu. Nikasema nakubali, yakaisha."

"Na mama je?"

Kaburi la mama lilikuwa nyuma ya migomba, limezungushiwa mawe ambayo mzee huyu aliyapaka chokaa kila mwaka bila kukumbushwa na mtu. Sasa aligeuza shingo akalitazama kama anayetazama iwapo mvua itanyesha.

"Mama yako hatalalamika," alisema. "Umekula?"

Sekela alimpita. Aliingia ndani moja kwa moja mpaka sebuleni, mbele ya ukuta hai.

Enzi hizo hapakuwa na nyumba isiyo na ukuta hai. Ni kipande cha ukuta kilichopakwa rangi inayowaka, na tovuti zote ziliishi humo: zahanati, shule, soko, Jiji. Ukiuita ukurasa unakuja. Ukitaka kukubali jambo unasema nakubali, na ukuta unaitambua sauti yako. Sekela alimwomba baba yake auite ukurasa wa Jiji. Mzee akauita. Rangi ikafunguka toka pembe hadi pembe, na kabla Sekela hajasoma hata neno la kwanza alikwisha kuyatambua mandhari yaliyokuwa nyuma ya maneno.

Yalikuwa ni Umande. Na Umande aliutengeneza yeye.

*

Kazi yake ilikuwa mandharinyuma. Watu wengi hawajui hata kama kuna mtu anayefanya kazi hiyo, maana mandharinyuma mazuri ni yale usiyoyaona. Unachora kigae kimoja, mraba mdogo, kisha kinajirudia mara mamia mpaka kinajaza ukurasa. Ujanja wote uko pembeni: ukingo wa kulia lazima uungane na wa kushoto, wa juu na wa chini, jicho lisijue kigae kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Mshono ukionekana, kazi imeharibika.

Umande ulitokana na ukuta wa jiko la mama yake. Mama aliukandika kwa udongo na samadi, akausawazisha kwa vidole, akaacha mifereji laini iliyopinda kama maji yanayotambaa juu ya jani. Mwaka jiko lilipoanza kubomoka Sekela aliupiga picha ukuta ule, akachagua kipande, akakifanya kigae. Alilia alipokuwa anakitengeneza. Kampuni yake, Pazia, ilikipenda kuliko vyote alivyowahi kuwapelekea.

Kilichofuata hakukijua mpaka siku ile. Alijua tu kwamba Pazia ilikuwa na mashine iliyokuwa ikivinoa vigae. Ukuta hai husoma mboni za anayeutazama: zinapanuka, zinasinyaa, zinatangatanga, zinatulia. Mashine ilizipokea mboni za maelfu ya watu, ikasogeza mfereji huu kidogo, ikafifisha doa lile, ikapima tena. Sekela aliambiwa lengo ni kuwapumzisha wasomaji macho.

Alitoa kishikwambi mkobani, akayanakili maneno ya ukurasa na kuyaweka juu ya weupe mtupu, pasipo mandhari yoyote. Akampa baba yake.

"Hebu soma hapa, tata."

Mzee alisoma huku midomo ikicheza, kama kawaida yake. Alipofika katikati midomo ikaacha kucheza. Akarudi nyuma, akasoma tena.

"Makaburi yatasawazishwa pamoja na ardhi," alisema polepole. "Mwenye nyumba hatakuwa na haki ya kudai mabaki." Akainua uso, mishipa ya shingo imemtoka. "Nani kaandika upumbavu huu? Wanisawazishie mke wangu? Nani kasema nitakubali?"

"Ndio uliokubali jana."

"Mimi?"

"Wewe."

Hapo Sekela alifanya jambo ambalo baadaye lilimkosesha raha muda mrefu. Alitaka kuwa na hakika. Alimshika baba yake mabega, akamgeuza taratibu auelekee ukuta. Akangoja. Aliona mabega yakishuka chini ya viganja vyake. Akaona mishipa ikilala. Pumzi ya mzee ikawa ndefu.

"Ah," alisema Mzee Anyosisye. "Mbona ni jambo la kawaida tu."

Sekela aliuzima ukuta kwa kuupiga kofi.

Mzee alipepesa macho. Alitazama kishikwambi kilichokuwa bado mkononi mwake, akautazama ukuta uliozimika, akaketi kwenye kigoda. Aliposema, sauti ilikuwa ya chini sana.

"Basi jana aliyekubali alikuwa nani?"

*

Bwana Ruhinda, mkurugenzi wa Pazia, hakukana. Hilo ndilo lililomvuruga Sekela zaidi. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, akaletewa chai.

"Kaa, Sekela. Unakumbuka bomoabomoa ya Mtoni?"

Alikumbuka. Nani asiyekumbuka? Jiji lilipeleka matingatinga, watu wakalala mbele yake, askari wakaja. Mama mmoja mjamzito hakurudi nyumbani.

"Jiji lilikuja kwangu baada ya pale," Ruhinda alisema. "Wakaniuliza, hakuna njia watu wakaelewa bila damu? Nikawaambia ipo. Malambili hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyelia. Watu wanafunga mizigo wanapiga mluzi. Wewe ungependa nini, matingatinga?"

"Ningependa waulizwe."

"Wameulizwa. Ukurasa uko wazi, maneno yote yamo, hatukuficha hata nukta. Kwani duka likipaka ukuta rangi nzuri limemlazimisha nani kununua?"

"Baba yangu amekubali kaburi la mkewe lisawazishwe. Na umemfanya akubali kwa vidole vya huyo huyo mkewe."

Ruhinda aliweka kikombe chini.

"Sikujua ni ukuta wa mama yako," alisema. "Pole. Kweli. Lakini mradi mzima hauwezi kusimama kwa ajili ya picha moja. Wiki ijayo kuna uthibitisho. Sheria inataka kila kaya iseme nakubali mara ya pili. Ikipita salama, kazi imekwisha, na wewe ndiye mkuu mpya wa ubunifu. Nilikusudia kukuambia kwa sherehe."

"Toeni Umande kwenye ukurasa ule."

"Haiwezekani."

"Basi nitawaambia watu."

"Waambie." Hakukasirika hata kidogo. "Waambie kwamba ukuta umewaroga. Kisha waulizwe tena mbele ya ukuta huo huo. Unadhani watasema nini?"

Sekela aliondoka bila kuigusa chai.

*

Mwenyekiti wa kitongoji, Mama Lugano, aliitisha mkutano uani kwake, mahali penye ukuta hai mkubwa kuliko yote Malambili, ule wa kutazamia mpira. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye magoti mabovu na sauti iliyofika ng'ambo ya bonde. Sekela alisimama mbele ya watu akaeleza yote: kigae, mashine, mboni, vidole vya mama yake. Hakujitetea. Watu walipomaliza kumtukana, na walimtukana vilivyo, Mama Lugano aliinua fimbo yake.

"Matusi yatosha. Nina swali kwa huyu binti. Kama kuna kigae cha kukubalisha, kipo cha kukatalisha?"

Sekela alichelewa kujibu, na kuchelewa kwake kukawa jibu.

"Kipo," alisema. "Kinaitwa Upupu. Mashine ilikitoa kwa makosa. Anayekitazama anawashwa rohoni, hataki lolote, hata chai anaikataa. Tulikitupa."

"Unacho?"

"Ninacho."

"Na unaweza kukiweka pale, mahali pa huo Umande wako?"

Aliweza. Kila kigae kilikuwa na ufunguo wa mtengenezaji, na ufunguo wa Umande ulikuwa wake. Ruhinda, kwa kujiamini kwake, hakuwa amemnyang'anya bado. Ingemchukua muda mfupi kuliko wa kupika chai. Siku ya uthibitisho Malambili nzima ingesema hapana kwa sauti moja, mtambo ungetafuta kilima kingine, na mama yake angelala salama nyuma ya migomba. Alikuwa amelifikiria jambo hilo njia nzima. Kishikwambi kilikuwa mkononi tayari.

"Weka!" watu walipaza sauti. "Weka huo Upupu!"

"Usiweke."

Mzee Anyosisye alikuwa amesimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Watu wakageuka.

"Anyosisye, una wazimu?" Mama Lugano alisema. "Kaburi ni la mkeo!"

"Ni la mke wangu. Ndiyo maana." Mzee alipita katikati ya watu akaja mpaka mbele. "Mimi tangu siku ile silali vizuri. Si kwa sababu ya kilima. Naogopa mdomo wangu. Nikisema nina njaa, najiuliza, ni mimi au ni ukuta? Sekela, mwanangu, ukiniwekea hasira, hata kama ni hasira nzuri, nitakataa, sawa. Lakini aliyekataa atakuwa nani?"

"Tukipoteza kilima je?" mtu aliuliza.

"Tutakuwa tumekipoteza sisi."

Wengine waliguna. Kijana wa dukani alisema mzee amechoka, apelekwe nyumbani. Sekela aliutazama mkono wa baba yake, ule ulioshika kishikwambi siku ile, akajua kwamba yeye mwenyewe ameshaamua, na kwamba wengi wa watu hawa hawatamsamehe.

Alikiinua kishikwambi wakakiona wote. Akaufuta Upupu.

Kelele iliyozuka iliwatisha kuku wa Mama Lugano. Mwanamke mmoja alimrushia kandambili, ikampata begani. Sekela hakurudi nyuma.

"Sikilizeni!" alipiga kelele naye. "Sikilizeni kwanza! Nikiweka weupe wataurudisha Umande msijue; lazima muuone wenyewe. Umande unafanya kazi kwa sababu jicho linatangatanga halipati pa kusimama. Jicho likipata pa kusimama, umekwisha nguvu. Mama Lugano, uite ukurasa."

Mama Lugano alisita, kisha akauita. Ukuta ukafunguka, na palepale kelele zikaanza kufifia, mdomo mmoja baada ya mwingine, mpaka yule wa kandambili akawa anatabasamu. Lilikuwa jambo la kutisha kuliko matusi yote. Sekela mwenyewe aliusikia utulivu ukimpanda miguuni kama maji ya uvuguvugu. Akainama penye jiko la Mama Lugano, akaokota kaa la mkaa lililozimika, akauendea ukuta.

"Mama yangu alikatwa kidole na mundu," alisema huku anatafuta. "Cha shahada, mkono wa kulia. Mlimjua nyote. Kila alipokandika, mifereji mitatu ilikwenda mbali na mmoja ulikatika njiani. Mashine imejitahidi kuuficha. Haukufichika. Huu hapa."

Akauzungushia duara jeusi.

"Na huu hapa." Duara jingine, shubiri moja kulia. "Na huu. Na huu. Ni ule ule. Ni kigae kimoja tu, kinajirudia."

Alichora duara baada ya duara, safu kwa safu, mkono umejaa weusi. Kisha sauti ya kikongwe ikasema, kwa mshangao wa mtu aliyekutana na rafiki sokoni:

"Jamani! Kidole cha mama Sekela!"

"Wapi?"

"Pale! Na pale! Kimejaa ukuta mzima!"

Mabega yalianza kupanda tena. Mtu alikohoa. Yule wa kandambili aliacha kutabasamu, akashika kichwa. Watu walisogea karibu, wakanyoosha vidole, wakabishana, wakaonyeshana. Aliyekiona hakuweza tena kutokiona, na ukuta uliokuwa bahari ukawa vigae tu, vimepangwa kama sabuni kwenye rafu.

Hapo uso wa Ruhinda ulijitokeza katikati ya ukuta, mkubwa kama mlango. Mashine ilikuwa imempelekea habari za mboni za Malambili.

"Sekela, acha," alisema. "Unaharibu mali ya kampuni mbele ya mashahidi. Nitakufutia leseni leo hii, hutagusa ukurasa wowote katika nchi hii. Fikiri kidogo."

"Nimefikiri."

"Jiji litarudi na matingatinga. Damu itakuwa juu yako."

Neno hilo lilimchoma, maana lingeweza kuwa kweli, na alijua. Alisimama na mkaa wake. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye, si ukuta.

"Wakija na matingatinga," alisema, "watu watayaona yanakuja. Nawe utayaona, na dunia itayaona. Hilo ndilo mnaloliogopa. Bwana Ruhinda, samahani, umesimama mbele ya kazi yangu."

Akachora duara juu ya paji la uso wa Ruhinda, mahali kidole kifupi kilipokuwa kikipita.

*

Siku ya uthibitisho Jiji halikuleta matingatinga. Lilileta wanasheria, na waandishi wa habari wakawafuata, maana picha za kuta zenye madoa ya mkaa zilikwishaenea hadi miji ya mbali. Pazia iliuondoa Umande asubuhi hiyo hiyo bila maelezo. Ukurasa ulikuja mweupe.

Kaya baada ya kaya zilisoma. Watu walichukua muda. Wengine waliita watoto wao waliosoma, wakauliza maana ya neno hili na lile. Mzee Anyosisye alisoma mpaka mwisho midomo ikicheza, akasema hapana, akaenda zake kupalilia. Hapana zilikuwa nyingi, na kufikia mchana ilionekana wazi kwamba mtambo hautajengwa, walau si hapa, walau si mwaka huu.

Kisha ikafika zamu ya Mama Lugano. Ua wake ulikuwa umejaa tena, safari hii kwa vigelegele. Alisoma akiwa amekaa, fimbo mapajani.

"Nakubali," alisema.

Vigelegele vikakatika.

"Amerogwa!" mtu alisema. "Ukuta bado una kitu!"

"Hauna kitu," Mama Lugano alijibu bila kugeuka. "Binti yangu yuko Usangano, ananiita mwaka wa tano huu. Nyumba wanazotoa ziko karibu na hospitali. Magoti yangu hayapandi tena kilima hiki. Nilikuwa nawaongoza kukataa kwa sababu ninyi mlikuwa mnataka. Leo nimeulizwa mimi."

"Msaliti!" kijana wa dukani alifoka. "Sekela, mwambie! Si wewe uliyepoteza kazi kwa ajili yetu?"

Sekela alikuwa amesimama mlangoni. Leseni yake ilikuwa imefutwa, jina lake limeondolewa kwenye vigae vyote alivyowahi kutengeneza, na moyoni, kusema kweli, jibu la Mama Lugano lilimuuma kama la mtu wa damu yake. Alitamani sana asingelisema. Alipita katikati ya watu akasimama kati ya yule kijana na kile kiti.

"Umemwona akisoma?" aliuliza.

"Nimemwona, lakini—"

"Amesoma yote?"

"Amesoma."

"Basi muacheni."

"Yaani sisi tupigane, halafu yeye—"

"Nimesema muacheni! Asiyetaka kumsaidia kufunga mizigo aondoke uani kwake."

Wengi waliondoka. Kijana wa dukani alitema mate chini, akaondoka pia. Walibaki wachache, hawakutazamana usoni. Mama Lugano alijiinua kwa fimbo, akamwambia Sekela kwamba kabati la vyombo liko chumba cha nyuma na mguu mmoja wa kabati haujakaa sawa.

Walilibeba wawili, Sekela na yule kikongwe aliyekuwa wa kwanza kuona, wakipumzika kila hatua chache. Lori la Jiji lilikuwa limesimama njiani. Dereva, mgeni wa pale, alishuka kuwasaidia kulipandisha, kisha akaubana mlango wa nyuma na kumgeukia Sekela.

"Ni wewe yule wa mkaa?"

"Ndiye mimi."

"Kwetu Isangilo wametuletea ukurasa kama wenu, wanautaka mto wetu. Mama yangu alisema hataki katakata, juzi akabadilika ghafla, sasa anaimba tu. Hayo mandhari ya nyuma ni ya kijani kijani hivi. Unayajua?"

Sekela alifikiri juu ya vigae vyote alivyowahi kuviona Pazia. Hakikuwemo cha namna hiyo. Hapo hapakuwa na kidole cha mama wa kukitafuta, wala ufunguo, wala leseni ya kumruhusu hata kuugusa ukurasa ule.

"Siyajui," alisema. Akafungua mlango wa lori, akamsaidia Mama Lugano kupanda, naye akapanda nyuma yake. "Twende. Tukimshusha Mama Lugano, unipeleke nikayatazame."